Mdhamini wa Fundi Salim

Nyinyi vijana mnaokaa upande wa ndani wa dirisha, wenye kiti na muhuri, nawaandikia nyinyi hasa. Walio upande wa nje wanayajua haya tayari. Nilifanya kazi ya karatasi za serikali tangu nimalize chuo kikuu mpaka nikastaafu, na nilidhani nikifika umri huu nitakuwa na majibu. Badala yake nina swali moja nililomuuliza mtu mmoja saa sita mchana, katika ofisi ya wilaya kule Garissa, wakati wa vita vya shifta. Kanuni ilinitaka niulize, nami nikauliza. Mpaka leo, nikiwa natafuta miwani au nangojea maji yachemke, swali lile hunirudia, na kila mara najitetea kwa namna tofauti.

Nilifika Garissa juu ya lori la msafara, nimekaa kati ya magunia ya sukari na askari waliokuwa hawaondoi macho vichakani. Watu wengi wa huko walikuwa wametaka nchi yao iungane na Somalia. Serikali mpya ya Kenya ikakataa, na vijana wakaingia msituni na bunduki, wakaitwa shifta. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Hukuweza kwenda hata mji wa jirani bila kibali. Mimi nilikuwa na shahada ya historia ya Ulaya, na kwa sababu hiyo, sijui kwa nini, nikapewa meza ya vibali vya kusafiri, uandikishaji wa raia na maombi ya pasipoti.

Nilikuwa kijana wa kuwaza. Nikifunga kabati la faili nilirudi kuangalia kama nimelifunga, kisha nikawaza kama kwa kuangalia nimelifungua. Karani mkuu, Mzee Mwadime, Mtaita aliyekuwa amewatumikia Waingereza kabla ya kututumikia sisi, alinitazama siku tatu za kwanza bila kusema neno. Siku ya nne akaniambia:

"Bwana Shahada, kabati hilo halina kitu isipokuwa mende. Ukilifunga sana utawafungia njaa."

Nililichukulia kama fumbo, nikaliwaza wiki nzima. Kumbe alisema kweli tupu. Mwezi uliofuata gundi yetu ilikauka kwa joto, nami nikapika uji wa ngano nikabandikia nao picha za waombaji. Mende wakaja usiku wakala uji, na pamoja na uji wakala nyuso. Nikabaki na fomu ya kibali cha mfanyabiashara mwenye shingo, koti zuri, na tundu. Tangu hapo nilijua kwamba picha hushonwa kwa uzi pembeni, mishono miwili, wala haibandikwi. Aliyenifundisha mshono huo ndiye mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Fundi Salim alikuwa Mwarabu wa Shihri, pwani ya Hadhramaut. Alikuja nchi hii akiwa kijana, akafuata mjomba wake mpaka Garissa, na mjomba alipofariki akarithi cherehani zake mbili pale sokoni. Alishona kaptura za askari na kanzu za wazee, na pande zote mbili za vita, kama naweza kusema hivyo, zilimwamini kwa vipimo. Baada ya Uhuru aliomba uraia wa Kenya, akaapishwa mbele ya hakimu, akapewa cheti. Siku hiyohiyo alirudisha ile karatasi yake ya zamani aliyopewa na Waingereza wa Aden. Cheti alikishonea mfuko wa kitambaa cha mpira, akawa anautundika shingoni ndani ya shati, na hata akinawa uso aliushika kwa mkono mmoja.

Mji mzima ulijua. Vijana wakipita dukani walimwita kwa jina la nchi.

"Waryaa, Kenya! Suruali yangu tayari?"

"Njoo kesho, Somalia," alijibu bila kuinua kichwa. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nasimama pale nikijaribu kuamua kama ule ni utani au ni kitu kingine, na kama ofisa wa serikali anapaswa kucheka pia.

Basi siku moja Fundi Salim akaja dirishani kwangu na barua ya Kiarabu. Akanisomea kwa Kiswahili, polepole. Alikuwa na binti, Muna, wa miaka minane. Mama yake Muna, mke aliyemwoa alipokwenda kwao, alifariki alipomzaa, na mtoto akalelewa na bibi yake huko Shihri. Sasa bibi naye amefariki. Mtoto yuko kwa majirani, na majirani wanahamia Jidda mara tu baada ya Idi ya Mfungo Mosi. Waliandika kwa adabu sana: wakiondoka watamchukua Muna, maana hawawezi kumwacha mlangoni, lakini huko Jidda hawajui watakaa mtaa gani, wala watakaa mwaka mmoja au watasonga mbele.

"Nikichelewa," Fundi Salim akasema, "nitamtafuta binti yangu ndani ya dunia."

Alihitaji pasipoti ya Kenya, yenye jina la mtoto kwenye ukurasa wa watoto. Idi ilikuwa bado miezi miwili na kitu. Nilimwambia muda unatosha. Vijana, msiwaambie watu maneno kama hayo.

Fomu ilitaka mdhamini, mtu mwenye cheo anayemjua mwombaji kwa miaka mingi, aandike nyuma ya picha kwamba huyu ndiye huyu. Fundi Salim akamtaja daktari wa hospitali, Mwingereza aliyekuwa amekaa Garissa muda mrefu na aliyeshonewa kaptura zake zote pale sokoni. Nikafurahi. Daktari akatia sahihi isiyosomeka, fomu ikaenda Nairobi kwa msafara. Baada ya wiki tano ikarudi. Juu yake, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameandika: *Mdhamini awe raia wa Kenya. Thibitisha.* Neno la mwisho lilikuwa limepigiwa mistari miwili.

Sharti hilo lilikuwa nyuma ya fomu. Mimi nilikuwa nimeisoma mbele mara kumi na moja. Kwa hiyo kama hamtachukua lolote lingine katika barua hii, chukueni hili: geuzeni karatasi.

Ramadhani ikaingia. Fundi Salim alikuja akiwa na midomo mikavu ya saumu, nikampa habari. Hakunigombeza. Alisema tu, "Chifu Gedi ananijua tangu sijaota ndevu," akaenda kumwita.

Chifu Gedi alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, mwenye koti la kaki la serikali na vifungo vya shaba ambavyo Fundi Salim alikuwa amevibadilisha mara mbili. Alizaliwa palepale, baba yake pia, na babu yake alichimba kisima ambacho bado kina jina lake. Alikuja siku hiyohiyo, ilhali ana saumu, akapita katikati ya watu waliokuwa wakingoja vibali barazani, akaketi mbele ya meza yangu. Dirisha na mlango vilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Akachukua kalamu. Akaitazama picha ya Fundi Salim, akasema, "Huyu sura yake baya, lakini ni yeye," na watu wa barazani wakacheka.

Na mimi nilikuwa nikitazama ile mistari miwili chini ya neno *thibitisha*.

Niwaeleze nilivyowaza, maana kwangu mimi ulikuwa mnyororo usio na kasoro. Nairobi wanataka mdhamini raia. Wanataka uthibitisho. Chifu hana cheti cha uraia, kwa sababu aliyezaliwa hapa hapewi cheti. Cheti hupewa aliyetoka nje. Fomu ikirudi mara ya pili, Idi itapita, na Muna atapotea Jidda kwa sababu yangu. Kwa hiyo ni lazima niwe na jibu ndani ya faili. Sikuona mahali pa kukatia mnyororo huo. Nikasema:

"Samahani, Chifu. Kabla hujatia sahihi. Wewe ni raia wa Kenya?"

Chifu akainua macho kutoka kwenye picha.

"Nini?"

"Raia. Wa Kenya. Na kama una karatasi yoyote ya kuthibitisha."

"Waryaa, unaniuliza mimi?"

"Ni fomu inayouliza, Chifu."

"Fomu iko na mdomo?" Mtu mmoja nje akacheka, kisha akajikohoza. Chifu hakugeuka. "Sema tena. Sauti kubwa, wale wa nyuma wasikie."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anataka kweli nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa.

Chifu Gedi akaifunga kalamu na kifuniko chake, akaiweka mezani sambamba na ukingo, akasimama, akatoka. Watu wa barazani wakamfuata mmoja mmoja. Baadhi yao waliacha vibali ambavyo nilikuwa nimeshavigonga muhuri.

Mzee Mwadime alikuwa pembeni akipanga karatasi za kaboni, ambazo kwa joto la Garissa hugandana kama majani ya tumbaku. Halafu akasema:

"Umemuuliza Msomali kama ni Mkenya."

"Kanuni inasema..."

"Mbele ya watu. Watu wanauana nchi nzima kwa sababu ya swali hilo, na wewe umelisoma kwenye fomu."

"Mzee, mimi nilitaka tu..."

"Na saa sita mchana. Na Ramadhani." Akatikisa kichwa. "Waingereza walikaa hapa miaka yote ile, na wajinga walikuwamo, lakini hakuna aliyepata kuyakusanya yote hayo katika dakika moja."

Fundi Salim alikuwa bado amesimama ukutani, mkono juu ya ule mfuko wa shingoni. "Sasa, bwana?" akaniuliza. "Nani mwingine?"

Tukatafuta. Mwalimu mkuu alikuwa na miaka miwili tu Garissa. Inspekta wa polisi miezi minane. Sisi wa bara sote tulikuwa wageni, tunahamishwa kabla hatujajua maji ya kunywa yanachotwa wapi. Wazee wa mji waliomjua Fundi tangu ujana wake walimkaribisha vizuri, wakamuuliza habari ya binti, wakasikitika, kisha kila mmoja akauliza, "Chifu amesemaje?" Hakuna aliyetia sahihi. Siku zikaanza kukimbia. Mimi sikulala vizuri wala sikula, mpaka Mzee Mwadime akaniuliza kama nimesilimu.

Ndiye aliyenieleza la kufanya. Kwa Wasomali, mtu akivunjiwa heshima hadharani hupewa kitu kinachoitwa haal, ili aibu iondoke na mazungumzo yaweze kurudi. Haifanywi ofisini, wala mkosaji haendi peke yake. Huenda na watu wake.

"Watu gani?" nikauliza.

"Hapo sasa," akasema Mzee Mwadime, akavaa kofia yake.

Tulikwenda watatu, mimi, Mzee Mwadime na Fundi Salim, baada ya alasiri, nyumbani kwa Chifu. Wazee wapatao kumi walikuwa wameketi juu ya mikeka, na wengi wao niliwatambua: walikuwa barazani siku ile. Hiyo pia ilikuwa sehemu ya desturi, kwamba walioona uchafu waone pia ukioshwa. Aliyeongoza alikuwa Haji Nur, mjomba wa Chifu, mzee mwenye ndevu za hina na Kiswahili chake mwenyewe. Chifu aliketi kando akitazama ukuta. Ukuta ule ulikuwa mweusi kwa moshi, na sehemu ya paa ilikuwa mpya.

"Kijana," Haji Nur akaanza, "watu yako ni nani?"

"Wameru, mzee."

"Wako wabi?"

"Wako Meru."

"Basi hapa nani nasimama na wewe?"

"Mimi," akasema Mzee Mwadime.

"Wewe Meru?"

"Mimi Mtaita."

"Taita na Meru ni ndugu?"

Mzee Mwadime akafikiri. "Tangu juzi," akasema.

Wazee wakaguna kwa kicheko. "Na mimi nasimama naye," akasema Fundi Salim kutoka nyuma yetu. Haji Nur akatunyooshea kidole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu mifugo isiyofanana. "Meru. Taita. Mwarabu. Hii ni kabila gani?"

Mimi nilikuwa naanza kujibu, na Mzee Mwadime akanikanyaga mguu.

Wakazungumza Kisomali kwa muda mrefu. Mwishowe nikaambiwa nitoe kondoo dume na sukari ya futari ya watu wote waliosikia swali langu. Nikakubali upesi. Nilidhani yamekwisha, lakini Haji Nur alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Sasa yako."

"Yangu?"

"Karatasi. Wewe ni raia ya Kenya? Leta, tuone."

Nikajipapasa. Nilikuwa na kitambulisho cha kazi, ambacho kilisema ninafanya kazi. Nilikuwa na barua ya chuo, iliyosema nimesoma. Mwisho nikatoa kadi yangu ya ubatizo, ambayo mama alinipa nisiiache kamwe. Haji Nur akampa mzee mmoja aliyejua kusoma, akamsomea, naye akasikiliza hadi mwisho kwa heshima.

"Hii nasema wewe ni mtu ya Isa," akasema. "Haisemi wewe ni mtu ya Kenya." Akamgeukia Mzee Mwadime. "Na wewe?" Mzee Mwadime akafunua viganja vitupu. "Na wewe, fundi?"

Fundi Salim akavuta kamba ya shingoni, akafungua ule mfuko, akatoa cheti chenye muhuri mkubwa. Kikapitishwa mkono kwa mkono, mkeka hadi mkeka, kila mzee akigusa muhuri kwa kidole gumba. Kati ya watu wote tuliokuwa pale, waliozaliwa juu ya ardhi hii tangu babu wa babu, na maofisa wa serikali yenyewe, aliyeweza kuthibitisha alikuwa mmoja, yule aliyezaliwa Shihri. Wazee walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha, kwa sababu nilianza kuwaza kama basi pasipoti zote nilizokwisha kupitisha zilikuwa halali.

Chifu Gedi hakucheka. Aliinuka, akaniita kwa kidole, tukasimama wawili karibu na ule ukuta mweusi.

"Unaona hii?" akasema kwa sauti ya chini. "Mwezi uliobita. Wale wa msituni walikuja wakachoma. Kwa nini? Kwa sababu navaa koti hii."

"Pole, Chifu."

"Sikiliza. Koti naweza kusema nililazimishwa. Lakini wewe unataka niandike na mkono yangu, 'mimi ni raia wa Kenya', na muhuri, niweke ndani ya gari ya msafara. Gari ikishikwa njiani, karatasi hiyo inasomwa na nani?"

Nikautazama tena ule moshi ukutani.

"Na uliniuliza mbele ya watu ishirini. Wote ni watu wangu, lakini kila mmoja ana mtoto wa ndugu huko msituni. Nikijibu ndiyo, wanachoma tena, na safari hii na watoto ndani. Nikijibu hapana, wewe unaandika hapana kwa faili, na serikali inakuja kunichukua. Nikatoka. Ningefanya nini ingine?"

Vijana, mimi niliyekuwa nikiwaza kila kitu, niliyerudi kuangalia kabati mara mbili, hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Nilikuwa nimedhani amekasirika. Nikamwomba radhi upya, pale ukutani, na safari hii nilijua ninaomba radhi ya nini.

"Mwarabu ni rafiki yangu," akasema. "Picha nitaandika nyuma, huyu ni Salim, namjua. Hiyo ni kweli na haiui mtu. Ile ingine uandike wewe. Wewe ndiye uliuliza, wewe ujibu."

Ndivyo ilivyokuwa. Nikaandika barua, kwa mkono wangu na jina langu, kwamba ninamjua Chifu Gedi kuwa raia wa Kenya. Kisha nikaanza: Nairobi wakiuliza, na wewe ni nani? Nikamwomba Mzee Mwadime aandike kwamba ananijua mimi kuwa raia. Akaandika. Nikasema, na wao wakiuliza Mzee Mwadime ni nani? Akamwita Fundi Salim, akamwambia, "Wewe mwenye cheti, andika kwamba mimi Mtaita ni wa nchi hii, kabla kijana huyu hajatuua." Fundi Salim akaandika. Kwa hiyo Chifu alimdhamini Salim, mimi nikamdhamini Chifu, Mzee Mwadime akanidhamini mimi, na Salim akamdhamini Mzee Mwadime. Nilizishona barua zote nyuma ya fomu, mishono miwili. Nilizisoma tena na tena, kwa mpangilio huu na ule, nikashindwa kuona zinasimama juu ya nini.

Hatukuituma kwa posta. Nilimwandikia Fundi Salim kibali cha kusafiri, akapanda msafara na bahasha mwenyewe, ili akipewa pasipoti Nairobi aondokee hukohuko kwenda kwa binti yake. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne kufika Idi, kama mwezi ungeandama mapema.

Kisha hatukusikia kitu. Ramadhani ikaisha, Idi ikasaliwa, cherehani mbili zikakaa zimefunikwa gunia. Wale vijana waliokuwa wakimwita Kenya walikuja dirishani kwangu kuuliza, "Fundi amefika?" Niliwajibu sijui. Nilianza kuhesabu ni wapi nilipokosea: jina la mtoto, kwamba labda niliandika juu ya mstari badala ya chini yake, kibali, kwamba labda sikukitia tarehe. Mzee Mwadime alinipa kazi ya kubandua kaboni.

Alirudi wiki ya saba tangu aondoke. Wakati huo kila msafara ulisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi ng'ambo ya mto Tana, abiria wakashuka, na sisi wa ofisi tukaandika kila aingiaye mjini, Chifu akiwa karibu kuwatambua watu. Fundi Salim alishuka lori la tatu, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope. Mgongoni alibeba mtoto wa kike aliyelala, miguu imening'inia, kiatu kimoja hakipo.

"Niliwakuta siku ya pili ya Idi," akaniambia kabla sijauliza. "Mizigo imefungwa. Alikuwa amekaa juu ya mzigo."

Akatoa pasipoti, mpya, nyeusi, na ndani yake bahasha yangu. "Yule karani wa Nairobi alisoma fomu, akageuza picha, akasema sawa. Halafu akakata uzi wako, akanirudishia hizi barua. Aliuliza, 'Hizi ni za nini?' Sikujua nimwambie nini."

Chifu Gedi alinyoosha mkono, akachagua ile iliyokuwa na jina lake, akaenda nayo kwa mama mmoja aliyekuwa akichemsha chai ya askari kando ya barabara, akaitia chini ya sufuria. Alingoja mpaka ikaisha, akarudi.

Nikafungua daftari la waingiao. Fundi Salim nilimwandika haraka: jina, atokako, uraia, Kenya. Mstari uliofuata nikaandika Muna binti Salim. Atokako, Shihri. Uraia.

Kalamu ikasimama. Cheti cha Fundi kilikuwa na jina lake peke yake. Mtoto alizaliwa kabla baba hajaapa, na alizaliwa huko. Kuandikwa kwenye ukurasa wa watoto wa pasipoti ni kusafiri, si uraia. Au labda ni uraia. Kanuni nilikuwa nimeisoma pande zote mbili na haikusema. Nikiandika Kenya, naandika nisichokijua. Nikiandika Aden, inspekta aliyesimama nyuma yangu anaweza kumweka mtoto kando kama mgeni asiye na kibali. Nyuma ya Fundi kulikuwa na foleni, na jua, na lori bado linaunguruma. Fundi Salim alinitazama. Chifu Gedi alinitazama. Muna akaamka, akaitazama kalamu, akaficha uso shingoni mwa baba yake, pale kwenye kamba ya ule mfuko.

Kwenye nafasi ya uraia nikaandika: *mtoto*.

Sikuwa na hakika wakati ule, na sina hakika leo. Nimewauliza wanasheria wawili katika maisha yangu, na kila mmoja amenipa jibu lake. Mzee Mwadime, aliyekuwa akishika daftari lisipeperushwe na upepo, aliinama akasoma nilichoandika. Akachukua karatasi ya kunyonya wino, akaikandamiza juu ya neno lile kwa ngumi, polepole, akaitoa, akafungua ukurasa mpya.

"Anayefuata," akasema.